ANAYEWAPIMA WENGINE NAYE APIMWE

Jeshi linalojua wajibu wake huhesabu silaha na watu kila siku. Lakini ilichukua muda mrefu, na maisha ya wengi, kabla majeshi ya dunia hayajatambua kwamba kumhesabu askari katika gwaride si sawa na kuijua hali yake. Somo hilo, ndugu wasikilizaji, leo linawahusu pia wauguzi, wakunga na madaktari.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi walitoka mahandakini wakitetemeka, wengine wakiwa bubu, ilhali miili yao haikuwa na jeraha. Mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari za hali hiyo katika jarida la utabibu. Hata hivyo, wakubwa wengi waliendelea kuiita woga. Askari 306 wa Dola ya Uingereza, waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama vile kutoroka na woga, walikuja kusamehewa mwaka 2006, wakati wao wenyewe walikuwa makaburini.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, mtaalamu Robert Woodworth alilitungia jeshi maswali 116 ya kujibiwa ndiyo au hapana, kuhusu mambo kama usingizi na hofu. Vita vilikwisha kabla kipimo hicho hakijatumika sawasawa, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Mwaka 1981, Christina Maslach na Susan Jackson wa Marekani walitoa kipimo cha wale ambao kazi yao ni kuwahudumia watu. Maswali yake 22 hutazama mambo matatu: uchovu wa moyo, ubaridi kwa anayehudumiwa, na imani ya mhudumu kwamba kazi yake ina manufaa. Mwaka 1998 Shirika la Afya Ulimwenguni likatoa kipimo kifupi cha maswali 5. Mtu huulizwa kama katika majuma mawili yaliyopita amekuwa mchangamfu, mtulivu na mwenye nguvu, kama ameamka akiwa amepumzika, na kama siku zake zimekuwa na mambo ya kumpendeza. Anayepata alama chini ya 13 kati ya 25 hapana budi aangaliwe.

Mjini Bujumbura, katika mtaa wa Kigobe, lipo jumba ambamo Bunge la Burundi limekuwa likikutana. Jirani, huko Kamenge, ipo hospitali ya Mfalme Khaled, inayofundisha madaktari. Mwaka 2006, nchi ikijikongoja kutoka katika vita vilivyoanza mwaka 1993, Serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa wanawake wanaojifungua. Lilikuwa jambo jema, na wananchi walifurika katika hospitali na zahanati. Lakini mwaka huo huo Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi 57 zilizotajwa na Shirika la Afya Ulimwenguni kuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Mwaka 2010, utaratibu wa kuzilipa zahanati na hospitali kwa kadiri ya huduma ulienezwa nchi nzima: wazazi waliozalishwa wakahesabiwa, chanjo zikahesabiwa, na ubora ukakaguliwa.

Basi kazi ya muuguzi ikapata kipimo. Muuguzi mwenyewe je?

Hakuna kamanda mwenye busara ambaye humpa lindo la usiku wa nne mtu aliyekesha usiku tatu. Mkono unaosinzia hukosea dawa kama unavyokosea shabaha, na askari aliyejeruhiwa huangukia mikononi mwa muuguzi huyo huyo.

Ni kweli kwamba kipimo peke yake hakiongezi wauguzi wala mishahara. Tena majibu yakisomwa kwa majina mbele ya wakubwa, hakuna atakayesema kweli. Kwa hiyo siri haina budi kulindwa, na zamu zirekebishwe pale uchovu unapoonekana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kwamba uchovu huo ni jambo linalotokana na kazi, wala si ugonjwa. Maana yake ni kwamba dawa yake itafutwe kwanza mahali pa kazi, si katika udhaifu wa mtu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usiotazamwa hauzibiki.