Kabla ya kununua kompyuta mpya ya studio, tuangalie walionunua mbele yetu

Hapa kwetu Lubumbashi ubishi umekuwa mkali. Tuko wanne, tunaendesha studio ndogo ndani ya chumba kimoja, na tumefikisha akiba ya dola 900. Wawili wanataka kompyuta mpya, juu ile ya zamani inakwama kila tukifikisha traki 20. Wawili tunasita. Mimi niliyesoma historia nikaombwa niseme kitu, njo hiki.

Tuanzie 1985. Mwaka ule Atari ilitoa kompyuta iliyoitwa ST. Memori yake kilobaiti 512, prosesa megahezi 8. Simu ya bei ya chini kabisa mnayoishika leo inaipita mbali. Lakini ilikuwa na matundu mawili ya MIDI, yaani njia ya kompyuta kuambia kinanda cha umeme noti gani ipigwe, saa gani, kwa nguvu gani. Sauti yenyewe haikupita ndani ya Atari. Ilikuwa sawa mwongoza kwaya: yeye haimbi, anaonyesha mkono tu. Kazi ile ni nyepesi, kwa hiyo megahezi 8 zilitosha. Zilitosha muda mrefu kweli: Fatboy Slim, yule Mwingereza, alitengeneza albamu yake ya 1998 bado akitumia Atari, wakati Atari yenyewe ilikwisha kuacha biashara ile. Hakuona sababu ya kubadilisha mashine ambayo kazi yake ilikuwa inaiweza.

Mambo yakageuka pale sauti yenyewe ilipoingia ndani. 1989 Digidesign ilitoa Sound Tools ya Macintosh: traki mbili. 1991 ikaja Pro Tools: traki nne. Traki nne tu, na watu walishangaa! Dakika moja ya stereo yenye ubora wa CD inakula megabaiti 10 na kitu. Diski ya megabaiti 80 inajaa kabla ya dakika 8, hata wimbo mmoja wa rumba wenye sebene refu hauingii wote.

Tena, Macintosh za wakati ule hazikuweza kubeba mzigo huo zenyewe. Kazi nzito ilifanywa na kadi iliyochomekwa ndani, na hapo njo pesa ziliteketea. Kati ya miaka ya 1990 Macintosh ikaacha matundu ya NuBus, ikachukua PCI. Miaka kumi hivi baadaye ikaacha PCI, ikachukua PCI Express. Kila mara, mwenye studio aliyenunua kompyuta mpya alikuta kadi yake ya bei kali haiingii tena. Bei iliyoandikwa dukani haikuwa bei ya kweli.

1996 Steinberg ikaleta VST: mwangwi na vifaa vingine vya kurekebisha sauti vikaanza kufanyika ndani ya prosesa, bila kadi ya pekee. Tangu hapo kila mwanamuziki akaanza kuuliza swali la kasi. Lakini mwaka 2002 ulionyesha kwamba kasi si kila kitu. Apple ilinunua Emagic, watengenezaji wa programu ya Logic, na toleo la Windows likafungwa. Watu wenye kompyuta nzima kabisa, zenye nguvu, walibaki na chaguo mbili: waache programu au waache kompyuta. Halafu 2019 macOS Catalina ikakataa programu zote za biti 32. Mtu anafungua wimbo wake wa miaka mitano nyuma, anakuta nusu ya vifaa havipo.

Sasa turudi ku chumba chetu. Kabla ya kupiga kura nikaomba tuangalie ni kitu gani kinakwama. Tulipofungua wimbo mzito tukaona memori, gigabaiti 4, imejaa pomoni, na diski ni ile ya kuzunguka, inalia sawa kinu. Prosesa ilikuwa haijafika hata nusu. Kadi yetu ya sauti ni ya Firewire, tundu ambalo laptopu mpya hazina. Kwa hiyo zile dola 900 zingedai na kadi nyingine juu yake.

Na kuna jambo lililonizuia zaidi. Ndani ya mashine ile muna nyimbo 31 za kwaya moja ya hapa. Mzee aliyeiongoza alifariki mwaka jana, na sauti yake ya besi iko paka humo. Mwangwi tuliomwekea ni wa programu ya biti 32.

Basi tumekubaliana hivi: kwanza kila traki itolewe faili ya WAV, zote zikianza kwa sekunde sifuri, ili programu yoyote iweze kuzipanga. Kiisha tuongeze memori na kuweka diski ya SSD. Pesa zinazobaki zingoje. Mwenzetu mmoja bado hajaridhika. Anasema wateja wanaomba klipu za video, na video haitasikiliza memori tu. Ana haki, na Atari hainisaidii kumjibu.

Tumefika wimbo wa 12. Umeme ukirudi usiku, tunaendelea na wa 13.