Klabu za Shinyanga na Geita katika Safari ya Mashindano ya Afrika

Na Mwandishi Wetu

Septemba 2022, Geita Gold FC iliandika ukurasa mpya katika historia ya michezo ya ukanda wa madini wa Kanda ya Ziwa. Klabu hiyo, iliyokuwa imecheza msimu mmoja tu wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, iliingia uwanjani kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Ilicheza michezo miwili, ikashinda mmoja na kupoteza mmoja, kisha ikaondolewa kwa kanuni ya bao la ugenini.

Wananchi wengi wa Geita na Shinyanga wameendelea kuuliza maswali matatu: klabu ya mkoani hupataje nafasi hiyo, kwa nini nafasi huja na kupotea, na nini kinahitajika ili irejee? Makala haya yanaeleza utaratibu unaotumika na historia ya klabu za ukanda huu.

Namna klabu inavyopata nafasi

Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) linaendesha mashindano makuu mawili ya klabu za wanaume: Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho. Kila nchi mwanachama ina nafasi moja katika kila shindano. Nchi 12 zinazoongoza kwa ubora wa klabu zake hupewa nafasi mbili katika kila shindano, yaani klabu 4 kwa jumla.

Ubora huo hupimwa kwa matokeo ya misimu mitano. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa huipatia nchi yake pointi 6, mshindi wa pili 5, anayeishia nusu fainali 4 na anayeishia robo fainali 3. Anayeshika nafasi ya tatu katika kundi hupata pointi 2 na wa nne pointi 1. Katika Kombe la Shirikisho, bingwa hupata pointi 5, na anayeshika mkia wa kundi hupata nusu pointi. Pointi za msimu wa karibuni huzidishwa kwa 5, za msimu uliotangulia kwa 4, na kuendelea hivyo hadi msimu wa mbali zaidi, ambao huzidishwa kwa 1. Klabu inayotolewa kabla ya hatua ya makundi haiongezi pointi yoyote.

Kwa sababu hiyo, idadi ya klabu za Tanzania katika mashindano hayo imekuwa ikipanda na kushuka. Msimu wa 2019/20 zilikuwa 4: Simba, Yanga, Azam na KMC. Msimu wa 2020/21 zilibaki 2, Simba na Namungo. Msimu wa 2021/22 zikarejea kuwa 4, baada ya Simba kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa katika misimu ya 2018/19 na 2020/21. Kwa hiyo mlango ambao Geita Gold ilipitia mwaka 2022 ulikuwa umefunguliwa na pointi za klabu nyingine. Mafanikio ya klabu moja ya Tanzania barani Afrika ni faida ya klabu zote zilizomo katika Ligi Kuu.

Ndani ya nchi, bingwa na mshindi wa pili wa Ligi Kuu huenda Ligi ya Mabingwa. Nafasi za Kombe la Shirikisho hutokana na msimamo wa ligi na Kombe la Shirikisho la TFF, lililorejeshwa msimu wa 2015/16. Bingwa wa kombe hilo anapokuwa tayari amepata nafasi ya Ligi ya Mabingwa, nafasi yake huweza kushuka kwa klabu nyingine.

Geita Gold: kutoka daraja la chini hadi Afrika

Geita Gold ilipanda Ligi Kuu pamoja na Mbeya Kwanza mwishoni mwa msimu wa 2020/21. Ni klabu yenye mizizi katika halmashauri ya mji wa Geita, na imedhaminiwa na Geita Gold Mining Limited (GGML), kampuni inayoendesha mgodi mkubwa wa dhahabu wa mji huo.

Msimu wake wa kwanza, 2021/22, ulipita matarajio ya wengi. Chini ya kocha Fred Felix Minziro, timu ilimaliza katika nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Mshambuliaji wake, George Mpole, alitwaa kiatu cha mfungaji bora kwa mabao 17, bao moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Yanga ilikuwa bingwa wa ligi na wa kombe kwa pamoja, hivyo nafasi ya nne iliitosha Geita Gold kuungana na Azam katika Kombe la Shirikisho Afrika.

Katika raundi ya kwanza ya awali ilipangwa na Hilal Alsahil ya Sudan. Mchezo wa ugenini ulimalizika kwa Geita Gold kufungwa bao 1-0. Mchezo wa marudiano ulichezwa Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, Dar es Salaam, na Geita Gold ilishinda mabao 2-1. Jumla ikawa 2-2, na bao moja ambalo Wasudani walilipata Chamazi likawapa ushindi.

Hesabu hiyo inafaa kueleweka. Kanuni ya bao la ugenini husema kwamba jumla ya mabao inapolingana, timu yenye mabao mengi zaidi ugenini ndiyo husonga mbele. Iwapo Geita Gold ingeshinda 1-0 nyumbani, mshindi angeamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Iwapo ingeshinda 2-0, ingesonga mbele moja kwa moja. Ilifunga mabao ya kutosha. Iliponzwa na lile iliyofungwa.

Kanuni hiyo hiyo iliirudia Tanzania mwishoni mwa msimu huo huo. Yanga, iliyotolewa na Al Hilal ya Omdurman katika Ligi ya Mabingwa na kuangukia Kombe la Shirikisho, iliiondoa Club Africain ya Tunisia kwa bao 1-0 lililopatikana ugenini, ikaendelea hadi fainali. Katika fainali ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, kisha ikashinda 1-0 jijini Algiers. Jumla ikawa 2-2, na kombe likaenda Algeria kwa mabao ya ugenini.

Nyumbani palipo mbali na nyumbani

Mchezo wa marudiano wa Geita Gold haukuchezwa Geita. Mashabiki waliotaka kuishuhudia timu yao ikicheza nyumbani walipaswa kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam. Viwanja vya michezo ya CAF hukaguliwa na kuidhinishwa kwa vigezo vya eneo la kuchezea, taa, vyumba vya wachezaji na waamuzi, huduma za matibabu, usalama na miundombinu ya matangazo. Uwanja wa Nyankumbu, ambako Geita Gold ilizoea kucheza michezo ya ligi, ulitosha kwa mashindano ya ndani, lakini mchezo wa kimataifa ulihitaji uwanja mwingine.

Uwanja ni kigezo kimoja tu. Ili klabu ishiriki mashindano ya Afrika lazima ipate leseni inayotolewa kwa kuzingatia maeneo matano: michezo, miundombinu, utawala na watumishi, sheria, na fedha. Klabu hutakiwa kuonesha kwamba ina timu za vijana, makocha wenye sifa, daktari, hesabu zinazokaguliwa na mikataba halali. Kwa klabu iliyopanda daraja mwaka mmoja uliopita, kutimiza hayo yote ni mzigo mkubwa kuliko mchezo wenyewe.

Gharama nazo zina uzito wake. Geita Gold iliposhiriki mwaka 2022, klabu zilizotolewa katika raundi za awali hazikupata fedha za zawadi kutoka CAF. Utaratibu wa kuzipa klabu hizo dola za Marekani 50,000 kila moja ulianza msimu wa 2023/24. Vilevile, hamasa ya Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan ya kununua kila bao kwa shilingi milioni 5 ilianza Februari 2023, wakati Geita Gold ilikuwa imekwishatoka.

Shinyanga: hatua mbili kabla ya mlango

Mkoa wa Shinyanga haujapata klabu ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika, ingawa klabu zake mbili ziliukaribia mlango.

Mwadui FC, klabu ya eneo la mgodi wa almasi wa Williamson wilayani Kishapu, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2015/16. Msimu huo huo ilifika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF na kutolewa na Azam kwa mikwaju ya penalti. Azam iliingia fainali dhidi ya Yanga, na ndiyo iliyocheza Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2017. Mwadui ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2020/21.

Stand United, maarufu kwa jina la Chama la Wana, ina asili yake katika stendi ya mabasi ya Shinyanga. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kuufanya Uwanja wa CCM Kambarage kuwa miongoni mwa viwanja vigumu kwa wageni. Iliwahi kudhaminiwa na kampuni ya uchimbaji ya Acacia, lakini udhamini huo haukudumu. Msimu wa 2017/18 ilifika nusu fainali ya kombe la TFF na kufungwa 2-0 na Mtibwa Sugar. Mtibwa ilitwaa kombe na kwenda Afrika. Stand United ilishuka daraja msimu uliofuata, 2018/19.

Mafunzo kutoka kwa majirani

Kanda ya Ziwa ina mifano mingine. Pamba ya Mwanza, klabu iliyobeba jina la zao kuu la kanda, ilicheza Kombe la Washindi Afrika mwaka 1990, ikashuka na kukaa nje ya Ligi Kuu kwa miaka mingi, na kurejea msimu wa 2024/25 kwa jina la Pamba Jiji.

Biashara United ya Musoma, mkoani Mara, ilishiriki Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2021/22. Iliitoa FC Dikhil ya Djibouti, kisha ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 katika mchezo wa kwanza. Haikufika Libya kwa ajili ya marudiano kutokana na vikwazo vya safari, ikaondolewa mashindanoni ikiwa mbele kwa mabao mawili. Mwisho wa msimu huo ikashuka daraja.

Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilifika hatua ya makundi msimu wa 2020/21 ikiwa klabu ya mji mdogo. Ilipoteza michezo yote 6 ya kundi lake, lakini ilibaki Ligi Kuu.

Geita Gold nayo ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2023/24 pamoja na Mtibwa Sugar, misimu miwili baada ya kumaliza nafasi ya nne. Kabla ya hapo Mpole alikuwa amehamia FC Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi. Mifano hii inaonesha kuwa kuingia Afrika na kudumu katika ligi ni kazi mbili tofauti. Klabu inayotegemea mfadhili mmoja, mfungaji mmoja na msimu mmoja mzuri hukosa mhimili pale kimoja kati ya hivyo kinapoondoka.

Nafasi ya wananchi na halmashauri

Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mmiliki wa leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii na kukubaliana na mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Mpango huo huzingatia vipaumbele vya wananchi: shule, zahanati, maji na barabara, na pia miundombinu ya michezo pale jamii inapoiona kuwa hitaji lake.

Hapo ndipo sauti ya mwananchi inapohitajika. Udhamini wa timu hulipia msimu na kwisha. Uwanja, kituo cha vijana na mfumo wa hesabu hubaki hata timu inaposhuka. Mikutano ya vijiji, mitaa na kata ndiyo mahali pa kuamua kipi kitangulie, na madiwani ndio wanaobeba maamuzi hayo hadi halmashauri.

Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025, limeondoa foleni ya vivuko kati ya Mwanza na Geita, na safari ya timu na mashabiki sasa ni nyepesi zaidi. Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, inajiandaa kuwa mwenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 2027. Kwa klabu za Geita na Shinyanga hatua ya kwanza ni kupanda Ligi Kuu na kubaki humo. Nafasi ya Afrika ikija tena, mji utakaokuwa na uwanja ulioidhinishwa ndio utakaocheza marudiano mbele ya watu wake.