Utabiri Haupigi Kura: Somo Kutoka Takawiri na Visiwa Jirani

Takawiri ni kisiwa kidogo cha mchanga mweupe katika Ziwa Viktoria, jirani na Rusinga na Mfangano, Kaunti ya Homa Bay. Watu wake huishi kwa omena, mbuta na ngege, na kila linaloamuliwa nchi kavu huwafikia kwa boti au kwa redio. Kila msimu wa uchaguzi, mojawapo ya mambo yanayowafikia kwa redio ni utafiti wa maoni: nani anaongoza, nani yuko nyuma, kwa asilimia ngapi. Sasa tufanye hesabu. Sensa ya 2019 iliihesabia Kenya watu 47,564,296, na Homa Bay 1,131,950. Kampuni ikihoji watu 2,000 nchi nzima na kugawa nafasi kwa kufuata idadi ya watu, Homa Bay yote itapata watu wasiofika 50. Uwezekano kwamba mmoja wao anatoka Takawiri ni mdogo mno. Hata hivyo jioni ile ile matokeo hutua kisiwani kama hukumu, na anayeambiwa kwamba upande wake umeshindwa ni mtu ambaye hakuna aliyemuuliza lolote. Hoja yangu ni kwamba historia ya siasa ya visiwa hivi na mwambao wa Homa Bay na Migori inaikataa hukumu hiyo. Utabiri hupima hali ilivyo kabla kazi haijakwisha. Kampeni ndiyo kazi yenyewe, na mengi ya kudumu ambayo watu wa ziwa wameyapata katika siasa yaliletwa na watu waliofanya kazi hiyo bila kuahidiwa ushindi.

Kukata watu tamaa kulianza kabla ya kampuni za utafiti. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, sheria zenyewe zilikuwa zimepangwa ili wasipate uzito. Aliyetaka kupiga kura alipaswa kuwa na elimu, mali, mshahara au utumishi wa kiwango fulani, na waliotimiza masharti zaidi walipewa kura hadi tatu. Vyama vya Waafrika vya kitaifa vilikuwa vimepigwa marufuku, vikaruhusiwa vya wilaya tu. Viti vyenyewe vilikuwa 8. Mtu mwenye busara ya kawaida angeuliza faida ya kuhangaika ni ipi. Tom Mboya, kijana wa miaka 26 ambaye familia yake ilitoka Rusinga, ng'ambo tu ya Takawiri, aligombea Nairobi dhidi ya wakili mashuhuri Clement Argwings-Kodhek. Mboya hakuwa na shahada wala umaarufu wa mahakamani. Alikuwa na vyama vya wafanyakazi na ujuzi wa kupanga watu. Alishinda kwa tofauti ndogo. Oginga Odinga akaingia kutoka Nyanza ya Kati, na Lawrence Oguda kutoka Nyanza Kusini. Wanane hao wakakataa kushika nyadhifa za uwaziri chini ya katiba ya kikoloni iliyokuwapo, na mwaka uliofuata viti vya Waafrika vikaongezwa kufika 14. Uchaguzi uliobanwa kila upande ukawa mlango wa kudai uchaguzi mpana zaidi.

Baada ya uhuru majaribu yalikuwa makali zaidi, kwa sababu mwenye kukatisha tamaa sasa alikuwa serikali ya wenyewe. Mwaka 1966 wabunge waliomfuata Odinga katika chama cha upinzani cha KPU walilazimishwa kurudi kwa wapiga kura. Wengi wao walishindwa. Mboya aliuawa Julai 1969, na kabla mwaka haujakwisha KPU ilipigwa marufuku na Odinga kuwekwa kizuizini. Ikaja miaka ya chama kimoja, na mwaka 1988 ukaja mlolongo: wapiga kura wa mchujo walisimama hadharani nyuma ya wapambe wa wagombea, mbele ya macho ya chifu na mwajiri. Kama kulikuwa na wakati wa kusema kwamba kura haina maana, ulikuwa huo. Lakini kura ya siri iliporudi pamoja na vyama vingi Desemba 1992, wilaya ya Nyanza Kusini ya zamani, ambamo Homa Bay na Migori za leo zimetoka, iliipigia Ford-Kenya, chama cha Odinga, kwa wingi. Odinga alikuwa wa nne katika mbio za urais, kwa takriban asilimia 17. Kwa mwenye kutazama kiti cha juu tu, hiyo ni aibu. Kwa mwenye kutazama Bunge, watu waliofungiwa nje kwa zaidi ya miaka 20 walirudi ndani wakiwa na kambi ya wabunge na haki ya kuihoji serikali kuhusu fedha zake.

Hapa ndipo palipo na funzo ambalo utafiti wa maoni hauwezi kulionyesha. Utafiti huuliza swali moja: nani atashinda kiti? Kampeni huacha vitu vingine ambavyo havimo katika swali hilo: watu waliojifunza kusimamia kituo, madai yaliyosemwa hadharani, na viongozi wa kata ambao hawakuwapo kabla. Raila Odinga, mwana wa Oginga, aligombea urais mara tano, 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, na hakuapishwa hata mara moja kuwa rais kwa mujibu wa Katiba. Lakini katikati ya chaguzi hizo, watu wale wale na mitandao ile ile ya kampeni ilisaidia kuukataa mswada wa katiba wa 2005, kisha kuipitisha Katiba ya Agosti 2010. Katiba hiyo inaamuru kwamba kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, awe nani Ikulu. Zahanati au barabara inayojengwa Mfangano kwa fedha za kaunti ina deni kwa watu waliotembea nyumba kwa nyumba katika kampeni za urais ambazo hawakushinda.

Pingamizi la kwanza na zito zaidi ni kwamba mara nyingine utabiri hutimia. Mapema 2013 mchambuzi Mutahi Ngunyi alieneza nadharia ya ubabe wa idadi: kwamba muungano wa Jubilee ulikwisha kushinda tarehe 18 Desemba 2012, siku uandikishaji wa wapiga kura ulipofungwa, kwa sababu ngome zake zilikuwa zimeandikisha watu wengi zaidi. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi, na wengi walihitimisha kwamba kampeni yote iliyofuata uandikishaji ilikuwa kelele. Lakini tuangalie matokeo rasmi. Kenyatta alipata kura 6,173,433, yaani asilimia 50.07, na aliikwepa duru ya pili kwa kura kama 8,400 tu juu ya nusu, kati ya zaidi ya milioni 12 zilizopigwa. Idadi hiyo hutoshea katika vituo kadhaa vya kura vya wadi chache. Kwa hiyo hata pale utabiri ulipotimia, ulitimia kwa upenyo ambao kazi ya kawaida ya kampeni, upande wowote, ingeweza kuupanua au kuuziba. Homa Bay ilijitokeza kwa zaidi ya asilimia 90 mwaka huo, ikiwa juu ya kiwango cha taifa. Na nadharia yenyewe, ukiisoma vizuri, haisemi kwamba juhudi ni bure. Inasema juhudi ilipaswa kuanza mapema, kwenye meza ya kuandikisha. Hilo ni agizo la kazi.

Mwaka 2022 ulileta funzo la upande wa pili. Safari hii habari zilizofika ziwani zilikuwa tamu. Siku chache kabla ya tarehe 9 Agosti, Ipsos, TIFA na Infotrak zote zilimweka Raila mbele ya William Ruto. Kisha sheria ya 2012 kuhusu tafiti za uchaguzi ikafunga utangazaji wa takwimu mpya, na nchi ikaenda kulala na picha hiyo. Tume ya uchaguzi ilipotangaza matokeo, Ruto alikuwa na kura 7,176,141 na Raila 6,942,930. Mwitikio katika kaunti za ziwa ulikuwa chini ya ule wa 2013. Sitadai kwamba utabiri mzuri ndio uliowalaza watu nyumbani, maana sababu za mtu kutopiga kura ni nyingi. Ninachodai ni kwamba aliyepumzika kwa kuuamini alikosea sawasawa na aliyekata tamaa kwa kuuamini ule wa 2013. Wamarekani walilijua hili tangu 1948, Harry Truman alipomshinda Thomas Dewey baada ya tafiti kumzika akiwa hai. Watafiti si waongo kwa hilo. Wanaeleza wenyewe ukubwa wa sampuli na kiwango cha makosa, na wengi siku hizi huhoji kwa simu. Kosa ni letu tunapochukua makadirio yenye ukungu na kuyafanya sababu ya kuacha kazi.

Zaidi ya hayo, macho ya utafiti hukaa kwenye urais, na tangu 2013 Mkenya hupewa karatasi sita za kura. Migori imeonyesha wazi kwamba karatasi hizo tano nyingine zina maisha yao. Mwaka 2013, wakati wimbi la ODM, chama cha Raila, lilionekana kufunika mwambao wote na viongozi wakihimiza kura ya mtindo wa suti, yaani zote sita kwa chama kimoja, Okoth Obado alishinda ugavana wa Migori kwa tiketi ya chama kidogo cha PDP. Oktoba 2018, katika uchaguzi mdogo wa useneta, kijana Eddy Oketch alisimama dhidi ya Ochillo Ayacko wa ODM kwa chama ambacho wengi hawakukijua, akashindwa, lakini akapata makumi ya maelfu ya kura. Mwaka 2022 Oketch mwenyewe akachaguliwa seneta, na Ayacko gavana. Homa Bay, Millie Odhiambo aliingia Bungeni 2008 kwa kuteuliwa, akachaguliwa Mbita mwaka 2013 na kurudishwa tena baadaye. Gladys Wanga alianza 2013 kama mwakilishi wa wanawake na 2022 akawa gavana. Katika simulizi hizi, kampeni ya jana ndiyo iliyokuwa mtaji wa kampeni ya leo. Aliyeshindwa 2018 akaenda nyumbani na orodha ya mawakala na majina ya fuo alizozuru alikuwa na mali ambayo haionekani kwenye asilimia za redioni.

Pingamizi la pili ni chungu: kura huenda zikapigwa vizuri na kuhesabiwa vibaya. Hakuna anayeweza kulipuuza akikumbuka uchaguzi wa 2007, maana tume ya Jaji Kriegler iliyouchunguza ilihitimisha kwamba kasoro zilikuwa nyingi kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda kwa haki. Lakini dawa iliyopatikana tangu hapo inahitaji watu wengi zaidi kazini. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Maina Kiai, ilithibitisha kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa eneo bunge ni ya mwisho. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa urais. Mwaka 2022 fomu 34A za matokeo ya vituo 46,229 ziliwekwa wazi mtandaoni ili kila Mkenya ajumlishe mwenyewe. Mfumo huu unasimama juu ya wakala aliyekaa kituoni tangu asubuhi hadi usiku, akasoma takwimu kabla ya kutia sahihi. Chama kilichokata tamaa hakipeleki wakala visiwani, maana boti na mafuta ni ghali. Kituo kisicho na wakala ndicho mwizi anachokitafuta. Kukata tamaa kwa kuhofia wizi ni njia mojawapo ya kuurahisisha.

Wengine watataja tarehe 26 Oktoba 2017, ambapo sehemu kubwa ya Homa Bay, Migori, Kisumu na Siaya haikupiga kura ya marudio. Huo ulikuwa mgomo uliopangwa na kutangazwa, na watu walilipa gharama kubwa kwa ajili yake. Mtu anaweza kuupinga au kuutetea, lakini hauwezi kuitwa uvivu. Kususia kwa pamoja, kwa sababu zilizosemwa hadharani, ni kushiriki kwa namna yake. Ninachokipinga ni kususia kwa kimya, mmoja mmoja, kwa kusadiki kwamba mambo yamekwisha. Na ipo sababu ya kweli ya kutoshiriki ambayo haitokani na maoni yoyote: maisha ya mvuvi. Uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, nao uchaguzi mkuu huja Jumanne ya pili ya Agosti, wakati ziwa limetoka tu kufunguliwa na deni la miezi minne linadai kulipwa. Wavuvi pia huhama ufuo hadi ufuo wakifuata samaki, na aliyejiandikisha Takawiri anaweza kuwa kwenye kisiwa cha Remba siku ya kura. Kumwambia mtu huyo awe na moyo hakutoshi. Kampeni yenye akili humwandikisha anakoishi, humsaidia kuhamisha kituo mapema, na humtafutia nafasi kwenye boti. Moyo wa kisiasa, hapa ziwani, ni mpango wa usafiri.

Tarehe 10 Agosti 2027 watu wa Homa Bay na Migori wataingia katika uchaguzi mkuu bila Raila Odinga, aliyefariki tarehe 15 Oktoba 2025. Tafiti zitakuja nyingi kuliko wakati wowote, na baadhi zitawaambia kwamba hawahesabiki tena, nyingine kwamba ushindi uko mfukoni. Zote zisikilizwe, kisha ziulizwe maswali yanayostahili: watu wangapi walihojiwa, kwa njia gani, nani alilipa. Majibu yakishapatikana, kazi iliyobaki ni ile ile aliyoifanya Mboya kwa wapiga kura wachache wa 1957: kuandikisha, kushawishi, kusafirisha, kulinda hesabu, na kuanza upya baada ya kushindwa. Anayetaka kujua kama juhudi zake zitafaa hataambiwa na redio. Aanze na daftari la wapiga kura la kituo chake, ahesabu majirani ambao majina yao hayamo, kisha aende kwao kabla daftari halijafungwa.