Hadithi Inatoka Wapi? Watunzi, Wazee na Muto Lualaba



Hapa Alunguli, vijana wenye kupenda kuandika wanatuletea mara kwa mara kaye zao tusome. Mumoja wao alikuwa ametunga hadithi ya mwaka 1964, siku Simba waliingia Kindu. Ilianza vizuri. Mama anakimbia na mutoto mugongoni, anafika kwenye kivuko, anakuta Lualaba imejaa mpaka kwenye majani ya kando, mvua inapiga, na hakuna pirogi yenye kutaka kuvuka. Tuliisoma kwa sauti mbele ya koko mumoja aliyeona siku hizo kwa macho yake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukata neno, kisha akauliza jambo moja tu:

"Mwanangu, hiyo ilikuwa mwezi gani?"

"Mwezi wa saba, koko."

"Mwezi wa saba mayi inakauka. Muchanga njo unaona. Sasa hiyo mvua uliitosha wapi?"

Watu walicheka, lakini kijana hakukubali. Alisema hadithi si historia, na mutunzi ana ruhusa ya kusema bongo. Hapo mabishano yakaanza, na insha hii imezaliwa ndani yake. Je, mutu mwenye kutunga hadithi anapaswa kuuliza na kutafuta sawa vile mwanahistoria anafanya? Sisi tunajibu kwa historia ya muto wetu wenyewe, maana Lualaba imezaa hadithi nyingi, zingine zimefika dunia nzima, na kila moja inaonyesha mutunzi wake alitegea sikio wapi.

1. Hadithi iliyokamata inchi

Mutunzi wa kwanza tunayetaka kutaja hakujiita mutunzi hata siku moja. Ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule ambaye Maniema yote inamujua kwa jina la Tippu Tip. Mambo yake tunayajua: pembe, watumwa, bunduki, Kasongo. Lakini kuna siku moja alishinda bila bunduki, kwa hadithi tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Akiwa safarini, alisikia habari za Utetera, inchi ya magharibi ya Lualaba, iliyotawaliwa na mufalme muzee, Kasongo Rushie. Alisikia pia kwamba zamani ndugu wanawake wa mufalme huyo walitekwa katika vita na kupelekwa Urua, na jamaa haikuwaona tena. Mutu mwingine angesikia na kupita. Tippu Tip aliuliza, akashika majina, akashika mufuatano wa mambo. Alipofika Utetera akajitambulisha: bibi yake alitoka kwa mumoja wa wale wanawake waliopotea, kwa hiyo yeye ni damu ya nyumba ya mufalme. Muzee alimupokea sawa vile mutoto aliyerudi nyumbani, akamuachia utawala wa inchi.

Wanahistoria wengi wanaiona ile habari ya ukoo kuwa ya kutunga. Lakini tuangalie ilitungwa namna gani. Vita ilikuwa ya kweli. Wanawake waliotekwa walikuwa wa kweli. Uchungu wa mufalme ulikuwa wa kweli. Mutunzi aliongeza kitu kimoja tu, yaani yeye mwenyewe. Bongo ndogo ilisimama juu ya habari nyingi za kweli, na sababu hiyo ikasimama imara. Hilo ni somo la kwanza la ufundi wa hadithi, hata kama linatoka kwa mutu ambaye wazee wetu walilia sababu yake.

Somo la pili ni zito zaidi. Watu wa Utetera walimupa habari zao, na habari hizo zikawafunga. Kisha, alipozeeka Unguja, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mujerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Kitabu hicho ni hazina ya historia na ya lugha yetu. Hata hivyo, ndani yake tunamusikia yeye; watu wa Utetera tunawasikia kupitia mudomo wake tu. Mutu akikupa habari yake, amekupa kitu chenye nguvu. Unaweza kumujengea nayo, unaweza pia kumunyanganya inchi.

2. Hadithi ya mutu asiyefika hapa

Mwaka 1890, baharia mumoja mwenye asili ya Poland, Joseph Conrad, alikuja Kongo kufanya kazi katika kampuni ya Wabelgiji. Aliondoka Kinshasa mwanzo wa Agosti ndani ya mashua ya moshi yenye jina Roi des Belges, akafika Stanley Falls, yaani Kisangani, tarehe 1 Septemba. Hakupanda juu ya maporomoko. Kwa hiyo Lualaba yetu, pamoja na Kindu, Nyangwe na Kasongo, hakuiona. Wakati wa kurudi walimubeba wakala mumoja mugonjwa, Georges-Antoine Klein, naye akafia njiani mwezi huohuo.

Miaka 9 baadaye, mwaka 1899, Conrad alitoa Heart of Darkness, ambayo wasomaji wetu wengi wanaijua kwa Kifaransa kama Au cœur des ténèbres. Ndani yake kuna Kurtz, wakala wa pembe aliyepotea roho na akili ndani ya pori. Kurtz anatoka wapi? Katika maandishi ya kwanza ya mukono, Conrad alianza kwa kuandika jina la Klein, kisha akalibadilisha. Lakini mwalimu wa Uingereza Norman Sherry, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alionyesha mutu mwingine: Arthur Hodister, Mubelgiji mununuzi wa pembe aliyejulikana sana kwenye muto, ambaye aliuawa pamoja na wenzake mwaka 1892 katika eneo la Riba-Riba, pahali tunapoita leo Lokandu, chini kidogo ya Kindu. Wengine wametaja majina mengine tena. Yaelekea Kurtz alishonwa kwa vipande vya watu wengi, sawa vile fundi anashona nguo moja kwa vitambaa alivyonavyo.

Huo ni ufundi halali. Mutunzi hapaswi kuona yote kwa macho. Anasikia maongezi ya mashua, anasoma magazeti, anaunganisha. Kosa liko pahali pengine. Conrad aliongea na mabaharia, mawakala na wakubwa wa kampuni. Wapiga kasia, wapishi, wanawake wa sokoni na wachukuzi hakuwauliza, wala lugha zao hakuzijua. Matokeo yake tunayaona kwenye kurasa: watu wa muto wapo kila pahali, lakini karibu wote hawana jina, na maneno wanayosema yanahesabika kwa vidole. Mwandishi wa Nigeria, Chinua Achebe, alisema jambo hilo wazi katika hotuba yake ya mwaka 1975, na tangu siku hiyo mabishano hayajaisha. Sisi tunaongeza neno moja tu la kikwetu: sikio lisipofika, kalamu inaandika giza. Giza lile halikuwa la muto. Lilikuwa la mutu asiyeuliza.

3. Gazeti la Nyangwe

Kuna wakati wazee wote wa jambo fulani wamekwisha kufa. Hapo inabaki karatasi, na karatasi nayo inataka kuulizwa.

Nyangwe iko juu ya muto, ngambo hii hii ya kuume ambayo Alunguli inakaa. Mwaka 1871 David Livingstone alikaa pale miezi kadhaa akitafuta pirogi za kuvukia. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wenye bunduki waliingia kati ya wachuuzi. Ugomvi wa bei ya kuku ulitangulia, kisha risasi zikalia. Wanawake wengi walijitupa mutoni na wakazama. Wafanyabiashara wa Kiarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone alikuwa amemaliza karatasi na wino. Aliandika juu ya gazeti la zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza na mimea. Wino ule ulififia karibu kupotea. Walimwengu walisoma habari hiyo katika kitabu cha mwaka 1874, kilichotengenezwa baada ya kufa kwake. Lakini mwaka 2011 watafiti walitoa picha za karatasi zile zilizopigwa kwa mianga ya namna nyingi, maandishi yakaonekana tena, na ikajulikana kwamba maneno ya gazeti hayalingani pahali pote na yale yaliyochapishwa.

Mutunzi atapata nini hapo? Kwanza, ubishi wa bei ya kuku. Mutu akikaa mezani peke yake hawezi kubuni kwamba maangamizi ya mamia yalitanguliwa na kuku mumoja. Jambo dogo kama hilo linapatikana kwa kusoma tu. Pili, atajua kwamba hata mushuhuda anaandika mara mbili, na mara ya pili ametengeneza. Tatu, ataona nani hayupo kwenye karatasi. Wale mama wa soko wako mamia ndani ya gazeti, lakini hakuna hata mumoja mwenye jina. Pale ambapo karatasi inanyamaza, kazi ya mutunzi inaanza. Anaweza kumupa mama yule jina, mutoto, deni la chumvi, na sababu ya kuja sokoni siku ile.

4. Mutoto wa Unguja na safari ya bara

Kazi ya namna hiyo inawezekana, na tuna mufano wake. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana. Ameeleza kwamba alipofika nyumbani mwaka 1984, baada ya miaka mingi, alimuona baba yake muzee akipita kwenda musikitini, akajiuliza baba huyu aliona nini alipokuwa mutoto, wakati utawala wa Waingereza ulikuwa ungali mupya. Swali moja juu ya mutu mumoja. Kutoka hapo ilikuja riwaya Paradise ya mwaka 1994, yenye habari ya kijana Yusuf anayefuata msafara wa biashara mpaka ngambo ya ziwa Tanganyika, upande wetu.

Swali halikutosha; alitafuta. Wachunguzi wameonyesha kwamba sehemu ya safari ile inafuata kwa karibu masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande, Muswahili aliyesafiri bara, ambayo Mujerumani Carl Velten aliyachapisha mwaka 1901 pamoja na safari zingine za Waswahili. Tuone tofauti: Conrad alitegea sikio maneno ya mawakala, Gurnah alirudi kwenye maneno ya wasafiri wenyewe, yaliyosemwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 alipewa tuzo la Nobel, na mwaka 2022 kitabu kilirudi katika lugha hiyo kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Hadithi iliyotoka kwetu ilizunguka dunia, ikarudi mulangoni.

5. Sisi tufanye nini?

Ndugu zetu Walega wana jambo la kutufundisha. Katika bwami, sanamu ndogo ya muti ao ya pembe haikai peke yake. Iko na mithali yake, na mwenye kuionyesha anajua maneno yake. Daniel Biebuyck, aliyekaa kwao miaka ya 1950, aliandika nyingi za mithali hizo. Lakini vitu vingi vilibebwa Ulaya bila maneno yake. Mununuzi alilipa muti, hakuuliza neno. Leo vinasimama ndani ya vioo, vizuri kabisa, na bubu. Hadithi isiyoulizwa inafanana na sanamu ile.

Kwa hiyo tunawaambia vijana wetu: enda pahali penyewe, kwa miguu, katika mwezi ule ambao hadithi yako inasema. Uliza mutu zaidi ya mumoja, na mama vilevile, si wazee wanaume tu. Andika neno sawa vile limesemwa, Kigenya, Kisongola, Kikusu ao Kingwana, kabla ya kulinyoosha. Ukitumia uchungu wa mutu, umuombe ruhusa, na ubadilishe jina lake kama anataka. Na ukimaliza, umurudishie: usome mbele yake, sawa vile tulifanya siku ile. Hapo ndipo mutunzi anatofautiana na Tippu Tip, maana yeye pia alijua kuuliza.

Tena tuharakishe. Mutu aliyekuwa na miaka 10 siku Simba waliingia Kindu, leo amepita 70. Kila mwaka tunazika wengine, na kila mmoja anaondoka na miezi yake, majina yake, na kiasi cha mayi yake.

Yule kijana alirudi baada ya majuma mawili. Alikuwa ameondoa mvua. Sasa mama anafika kwenye kivuko, mayi iko mbali, na kati yake na pirogi kuna muchanga mweupe, mrefu, usio na muti hata mumoja wa kujifichia. Anapaswa kuukata mchana, watu wote wakimuona.

Koko alisikiliza mpaka mwisho. Safari hii hakuuliza mwezi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada yangu njo alipita pale." Jina la dada huyo hatukuwa tumelisikia mbele ya siku ile.