Waliojua Samaki Walipo: Kusi, Mto Mara na Historia ya Uvuvi wa Kuongozwa

Mwishoni mwa mwaka 1933 mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway aliwasili Afrika Mashariki kuwinda. Katika nyika za Serengeti aliongozwa na Philip Percival, mwindaji wa kulipwa aliyekuwa na sifa kubwa nchini Kenya. Januari 1934 Hemingway aliugua kuhara damu, akachukuliwa kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa, akarudi porini, na uwindaji ulipokwisha akashuka hadi mwambao wa Malindi kuvua samaki wakubwa wa baharini. Percival alifuatana naye hadi huko.

Jambo hili huwa nawauliza wanafunzi wangu. Percival alikuwa bingwa wa simba na nyati. Bahari haikuwa darasa lake. Katika maji ya Malindi, anayejua mlango wa mwamba ulipo, na saa ambayo maji yatauziba, ni mtu wa Malindi. Hata huko Serengeti, aliyesoma nyayo za mnyama mara nyingi hakuwa yule mwenye leseni ya kuongoza. Kitabu ambacho Hemingway alikichapisha mwaka 1935 kinamtaja mara kwa mara M'Cola, mbeba bunduki wake, na kwa hilo anastahili sifa, kwa maana waandishi wengi wa zama zile hawakufika hata hapo. Walakini historia ya utalii wetu imeandikwa kwa kufuata majina ya wenye leseni. Nia yangu katika makala hii ni kuwafuata wale wengine, na kuuliza kilichoupata ujuzi wao, hususan kwetu katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako mto mmoja umezitenga na kuziunganisha.

Tuanze na bahari, kwa kuwa ndiko uvuvi wa kuongozwa ulikopata sura yake kamili. Mwaka wa mvuvi wa mwambao hugawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na hapo bahari hutulia kiasi cha kuruhusu vyombo kutoka nje ya mwamba kumfuata nduaro na jodari. Kusi huanza Aprili, hukaza katikati ya mwaka, huleta baridi na mawimbi, na huwafungia wavuvi wengi ndani. Lakini kufungiwa ndani si kukosa kazi. Miezi ya baridi ndiyo miezi ya kuvua kati ya mwamba na pwani, kwenye mikono ya bahari inayoingia barani na pembezoni mwa mikoko, ambako hupatikana kolekole, changu, chewa na mzia. Uvuvi huu hautaki chombo kikubwa, ila unataka elimu. Mtu lazima ajue bamvua na maji mafu, ajue mkondo unageuka saa ngapi, ajue ni jiwe gani chini ya maji huweka samaki na lipi huwa tupu mwaka mzima.

Wageni wa mahoteli walipoanza kumiminika Malindi katika miaka ya 1930, elimu hiyo ilikuwa tayari ina karne nyingi. Kilichokuja kipya ni mashine, fimbo yenye gurudumu la uzi, mizani ya kupimia na ubao wa kuandikia rekodi. Ubao ule uliandikwa uzito wa samaki na jina la aliyeshika fimbo. Nahodha aliyekipeleka chombo mahali pale kwa kulinganisha mnazi fulani na mnara fulani hakuwa na safu yake.

Sasa tupande bara. Huku kwetu hakuna kusi ya baharini, lakini upepo uleule wa kusini-mashariki hufika Ziwa Viktoria. Kati ya Juni na Agosti huyapoza maji ya juu na kuyachanganya na ya chini, hivyo hewa hufika vilindi ambavyo kwa miezi mingi vilikuwa havina. Katika milima ya Tarime hiki ni kipupwe, na kwa uvuvi wa Mto Mara ni kipindi chenye tabia yake. Mto huu hutoka katika misitu ya Mau nchini Kenya, hukata Maasai Mara na kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, kisha hutoka hifadhini ukielekea magharibi, Tarime ikiwa kaskazini yake na Serengeti kusini, hadi kwenye mabwawa ya mafunjo na daraja la Kirumi kabla ya kuingia ziwani. Katika msimu wa mvua, ningu hupanda kutoka ziwani kwenda kutaga, na vizazi vya wavuvi waliwategea migono kwa kuzingatia safari hiyo. Miezi ya kiangazi ina kambare, kuyu na kamongo, kila mmoja na mahali pake.

Tena kuna nyumbu. Kila mwaka, kuanzia Julai hivi, makundi yao huvuka Mara, na watalii kutoka pande zote za dunia hujaa Kogatende na Lamai kuyatazama. Wanaozama hawatazamwi sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Amanda Subalusky na wenzake, uliofanywa upande wa Kenya, ulikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama kila mwaka, yaani takriban tani 1,100 za nyama na mifupa zinazotiwa mtoni. Mizoga inapokuwa mibichi, kati ya theluthi moja na nusu ya chakula cha samaki waliopimwa ilitokana nayo, na mifupa huendelea kuulisha mto kwa miaka saba hivi. Kwa maneno mengine, tamasha analolilipia mtalii na samaki anayepikwa kando ya mto ni mambo ya mnyororo mmoja. Sayansi imekwisha kuyaunganisha. Sera zetu bado zinayasimamia kama mali za nchi mbili tofauti.

Namna utengano huo ulivyojengwa ni habari ndefu. Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White alisafiri kutoka Nairobi kuelekea kusini, akavuka mpaka wa koloni la Wajerumani na kufika maeneo ya Bologonja, kijito cha Mara. Kitabu chake cha mwaka 1915 alikiita The Rediscovered Country, nchi iliyogunduliwa upya. Waikoma, Wanata, Wangoreme na Wakuria, waliowinda, kuchunga na kuvua huku, hawakuwa wameipoteza nchi hiyo hata ihitaji kugunduliwa tena. Hata hivyo jina lile lilitangulia sheria. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, mipaka ikabadilishwa mwaka 1959 Ngorongoro ilipotengwa, na katika miaka ya 1960, tukiwa tayari na bendera yetu, kipande cha Lamai kaskazini mwa mto kiliongezwa na Wakuria waliokuwamo wakahamishwa. Tangu hapo mtu wa Kegonga au Machochwe anayeshusha ndoana ng'ambo ya kigingi si mvuvi tena, bali ni jangili.

Wakati huohuo, nje ya hifadhi, fimbo ya mgeni ilikuwa inaunda upya maji yenyewe. Walowezi wa Kenya walianza mapema. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland kwa ajili ya Mto Gura, kwa sababu mito ya nyanda za juu haikuwa na samaki aliyemfurahisha mtu aliyezoea kuvua kwao Uingereza. Ziwa Viktoria lilikuwa jambo kubwa zaidi. Michael Graham, aliyelifanyia ziwa uchunguzi mwaka 1927 na 1928, alikuta ngege wakipungua kwa sababu ya nyavu za kisasa, na akaonya kwamba kumpandikiza samaki mla samaki bila utafiti ni hatari. Katika miaka ya 1950 maofisa wa wanyamapori na uvuvi wa Uganda walikuwa na mawazo mengine. Walimtaka sangara ageuze furu, wale samaki wadogo wenye miiba, kuwa minofu. Na baadhi yao walimtaka pia kwa kuwa ni samaki wa mchezo, mkubwa na mwenye kupigana na uzi.

Serikali bado ilikuwa inajadili na mwanasayansi Geoffrey Fryer anapinga kwa maandishi, kumbe samaki alikuwa tayari yumo majini. Mwaka 2005 Robert Pringle alichapisha utafiti wenye simulizi ya J. Ofulla Amaras, mtumishi wa zamani wa idara ile ya Uganda, aliyeeleza kwamba aliwatia sangara ziwani hapo Jinja mwaka 1954 kwa maagizo ya wakubwa wake. Tazama, msomaji, jinsi Mwafrika anavyoingia katika kisa hiki. Mikono ilikuwa yake, maamuzi hayakuwa yake, na ilipita nusu karne kabla jina lake halijachapishwa. Mkuu wa wanyamapori wa Uganda wakati huo, Bruce Kinloch, aliyeunga mkono kupandikizwa kwa sangara, alihamia Tanganyika mwaka 1960 kushika wadhifa wa namna hiyohiyo, na ndiye aliyeasisi Chuo cha Mweka mwaka 1963. Simlaumu mtu mmoja kwa mabadiliko ya ziwa zima. Nasema tu kwamba uvuvi wa burudani na uhifadhi wa wanyama vilipitia katika ofisi zilezile.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika miaka ya 1980 sangara walifumka, aina nyingi za furu zikatoweka, viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na Musoma, na biashara ikalisha maelfu ya familia na kuziacha nyingine pembeni. Anayesema sangara alileta hasara tupu hajawahi kukaa mwaloni siku ya mauzo. Lakini maamuzi yale yalifanywa bila kumuuliza mtu aliyejua ningu anapanda lini.

Sheria zetu za leo zimebeba kinyume kilekile. Kisiwa cha Rubondo, kilichokuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977 baada ya wakazi wake kuondolewa, kinatangazwa kama mahali pa uvuvi wa burudani. Mgeni hulipa, hupewa mwongozaji, na hutupa uzi kumtafuta sangara. Mvuvi wa kijiji cha jirani akiingia maji yaleyale kwa ngalawa yake hukamatwa. Shirika ni lilelile linalosimamia Serengeti. Sisemi kwamba kila anayekamatwa anaonewa. Wapo wanaovua kwa sumu, na ilikuwa hofu ya sumu iliyofanya Umoja wa Ulaya usimamishe ununuzi wa samaki wa ziwa letu mwaka 1999, hasara iliyomfikia hata asiye na hatia. Ninachosema ni kwamba sheria inampima mtu kwa alicholipa na wala si kwa anachojua au anachoharibu.

Machi 2022 jambo hili lilitoka vitabuni likaja kunuka. Samaki waliokufa walionekana wakielea katika Mto Mara, upande wa mabwawa ya chini hadi Kirumi, na wananchi wakazuiwa kutumia maji na kuvua. Serikali iliunda kamati, nayo ikaeleza kwamba hewa majini ilikwisha kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Nchi ilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwaka 2018 Christopher Dutton na wenzake walikuwa wameonyesha katika mto huuhuu kwamba kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 hurundikana vilindini, na mvua ikikikung'uta ghafla samaki wa chini hukosa hewa na kufa. Maelezo ya kamati hayakuwa kichekesho kisayansi. Lakini kicheko kilikuwa na historia yake pia. Watu wa Nyamongo hawakusahau mwaka 2009, maji machafu ya mgodi yalipoingia Mto Tigithe, unaomwaga katika Mara. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa anachokijua kuhusu mto hawezi kulazimishwa kuamini anachoambiwa kuuhusu, hata pale anapoambiwa kweli.

Ndiyo maana swali la nani anaongoza nani si la watalii peke yao. Vijiji vitano vya wilaya ya Serengeti, vikiwamo Robanda na Makundusi, vina jumuiya ya Ikona inayogawana mapato ya utalii wa picha na uwindaji katika ardhi yao. Kwa wanyama, basi, tumekwisha kukubali kwamba kijiji kinaweza kuwa mwenyeji. Kwa samaki bado. Sehemu ya Mara iliyo nje ya hifadhi, kutoka mpaka wa Serengeti hadi mabwawa, inapita katika ardhi ya vijiji vya wilaya zetu mbili, na miezi ya kipupwe huwakuta wageni wengi umbali wa saa chache kwa gari. Sishauri tujenge hoteli kila kona ya mto. Mamba na viboko wa Mara hawana mzaha na mtu wa majaribio. Naona tu kwamba Halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kuanza na daftari moja kwa kila kijiji cha kando ya mto: nani alivua, kwa zana gani, samaki gani, mwezi gani, maji yakiwa ya rangi gani. Mvuvi mzee wa migono alijaze kwa mkono wake au kwa mkono wa mjukuu wake. Daftari hilo lingekuwapo Februari 2022, kamati ingekuwa na pa kuanzia, na mgeni atakayekuja na fimbo yake Julai ijayo angejua wa kumlipa.