Viungo vya jikoni na afya ya ubongo

Manjano, zafarani na viungo vingine vya jikoni vinasifiwa kuwa kinga ya kumbukumbu, lakini ushahidi uliopo unaonyesha kwamba faida yake ya uhakika zaidi imo ndani ya chungu, si ndani ya kidonge.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ambayo huwapata hasa wazee. Zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Alzheimer, iliyo aina iliyoenea zaidi ya maradhi hayo, haina tiba ya kuiponya. Ndiyo maana jamaa za wagonjwa huvutwa kwa urahisi na kila ahadi ya nafuu.

Manjano na zafarani

Manjano, ambayo baadhi ya Watanzania huyaita binzari, hupata rangi yake kutokana na kemikali iitwayo kurkumini. Katika maabara, kemikali hiyo imeonekana kupunguza mrundikano wa protini zinazohusishwa na Alzheimer.

Hata hivyo, kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya uzito wa unga wa manjano, na utumbo hufyonza kiasi kidogo sana. Mwaka 1998, watafiti nchini India walionyesha kuwa kemikali iliyomo katika pilipili manga huongeza ufyonzaji huo mara 20.

Majaribio kwa binadamu yametoa majibu yanayopingana. Uchunguzi wa wagonjwa 36 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, haukuona nafuu yoyote baada ya wiki 24.

Uchunguzi mwingine wa mjini Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2018, uliwahusisha watu 40 ambao hawakuwa na maradhi hayo. Waliomeza kurkumini iliyotengenezwa mahususi kwa miezi 18 walipata maendeleo kiasi ya kumbukumbu.

Kuhusu zafarani, watafiti wa Iran waliripoti mwaka 2010 kuwa miligramu 30 kwa siku zilileta matokeo yanayokaribiana na ya dawa ya hospitali, donepezil. Lakini wagonjwa walikuwa 54 tu, na jaribio lilidumu wiki 22.

Rangi inayodanganya

Kiungo kinachosifiwa kuulinda ubongo kinaweza pia kuudhuru. Nchini Bangladesh, watafiti walibaini mwaka 2019 kuwa baadhi ya wafanyabiashara waliyang'arisha manjano kwa rangi ya viwandani yenye madini ya risasi.

Risasi huharibu ubongo, hasa wa mtoto, na WHO inasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Serikali ilitoza faini na kuwaelimisha wananchi. Sampuli za sokoni zilizokuwa na risasi zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021.

Funzo kwa mnunuzi ni kwamba rangi inayong'aa kupita kiasi si dalili ya ubora. Anayeweza kupata manjano mabichi na kuyasaga mwenyewe hujiepusha na sehemu ya hatari hiyo.

Vidonge vya manjano navyo vinahitaji tahadhari. Vimehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji, na mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kumuuliza daktari kwanza.

Kupunguza chumvi

Shinikizo la damu ni miongoni mwa mambo 14 ambayo jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliyataja mwaka 2024 kuwa yanachangia maradhi haya. Jopo hilo lilisema kuyadhibiti yote kungeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya maradhi hayo.

Hapo ndipo mpishi anapopata nafasi yake. Tangawizi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, iliki na ndimu hukipa chakula ladha hata chumvi ikipunguzwa. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai.

Mzee anayeanza kusahau majina au njia ya nyumbani apelekwe hospitali mapema, wala asiachiwe kikombe cha manjano peke yake. Baadhi ya visababishi vya usahaulifu, kama upungufu wa vitamini B12 au maradhi ya tezi ya shingo, hutibika.