London ni Mbali Kiasi Gani Kutoka Rongai?

Tuelewane kwanza: Rongai ninayosema si ile ya Kajiado yenye matatu za muziki mkubwa. Hii ni Rongai ya Nakuru, ya mahindi na stesheni ya reli, karibu kilomita 30 kutoka Nakuru mjini.

Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya ndege ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu. Mwaka uliofuata njia hiyo ikafika Cape Town, safari ya siku 11 hivi. Kwetu sisi huo ni mwendo wa kobe: abiria walilala njiani usiku baada ya usiku, na Ulaya kuna sehemu waliikata kwa treni. Lakini kwa aliyezoea wiki kadhaa za meli, ilikuwa kama miujiza. Dunia ilikuwa imepungua.

Imepungua kwa nani? Hebu turudi Rongai. Mashamba yake yalikuwa kwenye ardhi ya nyanda za juu iliyotengewa Wazungu. Waafrika walioishi humo waliitwa maskwota, na sheria ya 1918 iliwadai angalau siku 180 za kazi kwa mwaka kwa mwenye shamba. Juu ya hayo, kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande, kimetiwa kwenye kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Ukiondoka kazini kabla mwajiri hajatia sahihi kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa jinai.

Sasa piga hesabu. Barua ya mlowezi ilivuka mabara kwa siku chache tu. Mfanyakazi wake aliyekwenda Nakuru kutafuta kazi nyingine bila ile sahihi, angeweza kuishia kizuizini. Kilomita 30 zilikuwa ndefu kuliko maelfu.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 mfumo wa kipande ulibadilishwa, na 1963 uhuru ukaja. Leo Nairobi hadi London ni kilomita 6,800 hivi, saa nane au tisa angani bila kutua. Lakini kabla ya saa hizo kuna visa, ambayo kwa kawaida husubiriwa kama wiki tatu. Unatoa alama za vidole. Unaonyesha mshahara unavyoingia benki. Unabeba barua ya mwajiri kwamba utarudi kazini.

Visa si kipande, tusichanganye mambo. Hakuna anayekuuliza ruhusa ukipanda matatu ya Nakuru. Ila maswali yale tunayafahamu, babu zetu waliyavaa shingoni.

Kwa hiyo mtu akikuuliza London ni mbali kiasi gani, usikimbilie ramani. Muulize kwanza ana pasipoti ya wapi.